Siku Nilipomnadi Jogoo wa Mama Mkwe

Hii aibu siwezi kuificha hata nikitaka, maana huku usharikani kwetu, juu kabisa njia ya Chome, watoto wa kipaimara wakiniona nakatiza wanawika kwanza kama jogoo halafu ndiyo wananisalimia "Shikamoo mchungaji" kwa heshima zote, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni mchungaji, na pia ni mume wa Mama Neema, na kazi hizo mbili zinamgombania mtu mmoja. Leo niko harusini, kesho msibani, katikati vikao, huku mke wangu akilima tangawizi, akikamua ng'ombe na kuwapokea wageni wangu peke yake bila kununa (sana). Wiki ile akaniomba jambo moja tu.

"Baba Neema, Jumapili mama anapanda kutoka kwao Kisiwani, kule tambarare. Kila akija wewe uko kwa watu, hajawahi kula na wewe meza moja. Ibada ikiisha, njoo nyumbani."

Nikaapa. (Najua mchungaji haapi, lakini niliapa.)

Kumbe Jumapili yenyewe ilikuwa ya mavuno, siku ambayo washarika huleta mbele ndizi, maharage, mayai na kuku, na ibada ikiisha vinanadiwa. Mnadishaji wetu ni mzee wa kanisa, Mzee Elifuraha, mtu mpole ambaye kila kitu hukiulizia kwanza ni cha nani, kimetoka shamba gani, na mwenyewe anaendeleaje na mguu. Mke wangu alitoka mara baada ya mahubiri kwenda kuangalia sufuria, na alipofika mlangoni akageuka akanitazama. Jicho lile nalijua. Basi ibada ilipoisha nikafanya uamuzi mdogo tu, nikasema, "Mzee wangu, leo pumzika, nipe kipaza sauti nami ninadi, tumalize mapema."

Nikanadi mbiombio. Mkungu huu nani, haya umekwenda! Mayai haya nani, yamekwenda! Nikafika kwenye kikapu kimoja kilichofungiwa jogoo mwekundu, mwembamba, mwenye macho ya kulaumu, na mimi kwa kunogewa nikasema, "Wapendwa, huyu jogoo naona alianza Kwaresima mapema!" Kanisa likacheka. Mama mmoja kule nyuma, aliyejitanda khanga mpaka puani kwa baridi, akanyoosha mkono. Mwalimu wa kwaya akapandisha bei, mama akanyoosha tena, mwalimu akapandisha tena, nami nazidi kuchochea, "Mama wa nyuma, usikate tamaa, unampenda huyu jogoo utadhani umemlea!" Mwisho mwalimu wa kwaya akashinda, nikamkabidhi jogoo na kikapu chake, vigelegele kanisa zima.

Mara kikapu kikaita.

Mwalimu akaingiza mkono, akatoa simu ya vitufe, akabonyeza ili aizime, kumbe ameipokea, na simu yenyewe ilikuwa ya mtu asiyesikia vizuri, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, naye amesimama ubavuni kwangu na kipaza sauti changu kiko wazi.

"Mama! Umefika wapi? Kama umepitia kanisani toka uje ule, huyo mkweo usimsubiri, akishika kipaza sauti hakumbuki kama ana mke!"

Walisikia hata waliokuwa nje wanafunga mizigo.

Yule mama wa nyuma akashusha khanga yake taratibu, na jamani, alikuwa mama mkwe. Pikipiki ilikuwa imemchelewesha kwa utelezi, akaingia wakati wa matoleo, mama wa zamu akampokea mizigo na kuipeleka mbele, naye akadhani anatunziwa. Alipoona inanadiwa, angefanyaje? Mkwe hamkatizi mkwewe mbele za watu. Akaona afadhali amnunue jogoo wake mwenyewe.

Nikasema kwa sauti ndogo, nimesahau kabisa kuzima kipaza sauti, "Shikamoo, mama."

"Marahabaaa!" wakaitikia akina mama wote wa kanisa kwa pamoja.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika benchi. "Mkwe wangu," akasema, "jogoo wangu kachoka na safari tu, Kisiwani alikuwa mnene." Mwalimu wa kwaya akataka kumrudishia, akakataa. "Huyo ameshakuwa sadaka. Nirudishie simu, binti yangu bado anaongea."

Nikaipokea mimi. "Mama Neema, nimekusikia. Na usharika umekusikia."

Halafu akasema, "Basi waambie waje wote, makande yapo."

Wakaja, tena kwa nyimbo. Nikakaa meza moja na mama mkwe, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mke wangu utotoni alikuwa akiwahubiria mbuzi mpaka wanalala, nikacheka hadi machozi, nikawaza ni mangapi ya namna hii nimeyakosa nikiwa vikaoni. Vyombo niliosha mimi, na kola yangu shingoni.

Tangu siku hiyo mnada siugusi. Juzi Jumapili mgeni alisahau mwavuli pale mbele, Mzee Elifuraha akaniita, "Mchungaji, na huu mwavuli je?" Mchungaji yupi? Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba ya nyumbani, na kanzu nimeikunja mkononi.