Balungi Lenye Karafuu

Mwaka ambao mama alikuja Toronto kunitembelea kutoka Pemba, majani yalipoanza kupukutika, jirani yetu alijenga kibanda uani kwake. Alikuwa bibi wa Kiyahudi aliyeishi peke yake, na ile ilikuwa sikukuu yao. Kibanda kiliezekwa kwa matawi machache tu, kwa sababu, alituambia, lazima nyota zionekane. Akatualika tule naye humo. Mama alikula amevaa koti, akitazama juu kila mara kama mtu aliyeingia msikiti asioujua.

Sikukuu ilipokwisha, bibi alituita tena. Mezani palikuwa na balungi alilokuwa akilishika kwenye sala zao, na kikopo cha karafuu za dukani. Alikuwa akilichomeka karafuu moja moja ili likauke huku likinukia. Mama alikinusa kikopo, akakunja uso.

"Mwanangu, mwambie hizi zimekufa."

Akaenda nyumbani akaleta zake, za shambani kwetu. Wakaketi wawili wale wasio na lugha moja, wakachomeka mpaka tunda likajaa.

"La nini lakini?" mama aliuliza, nami nikatafsiri.

"La mwaka mzima," bibi alijibu. "Sikukuu huondoka upesi. Kila Jumamosi jioni, Sabato ikitoka, ninalinusa, ili niianze wiki na furaha ile."

Jumamosi moja ya Januari, nje theluji tupu, alikuja kutugongea. Sebuleni kwake aliwasha mshumaa wa kusukwa, akaimba kwa sauti ndogo, kisha akampa mama lile tunda. Lilikuwa limesinyaa na kuwa gumu kama jiwe. Mama alilinusa, akafumba macho. Nilipolinusa mimi, kibanda, baridi, nyota, uwanja wa kwetu ulioanikwa karafuu, vyote vilikuwa mle ndani nasi.

"Subhanallah," mama alinong'ona. Kisha akaniambia, "Muombe ruhusa niswali hapa. Magharibi itanipita."

Bibi hakungoja nimalize kutafsiri. Alisogeza meza mwenyewe, akakaa kitini, mikono mapajani, mpaka mama alipotoa salamu. Sijapata kuona chumba kilichotulia vile.

Tangu hapo, kila Jumamosi jua likizama, mama ndiye aliyetangulia kuvaa viatu vya theluji.