Tulivyoiinua Meli kwa Wimbo wa Mwethya

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya bandari, huko Ziwa Viktoria, msimamizi alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama wa Kalama, huko kwenu Machakos kuna maji?"

"Ya kunywa, bosi. Na hata hayo hayatoshi!"

Alicheka, akanipa miwani ya kuchomelea vyuma. Nilichomelea mpaka nikawa fundi mkuu.

Basi, nyinyi vijana wa mjini Syokimau mnaobonyeza simu tu, sikieni. Meli yetu ya mizigo ilizama karibu na gati, imejaa mahindi. Mwenye meli akatamka: ikishindikana kuinuliwa wiki hiyo, inakatwakatwa iuzwe chuma chakavu. Nahodha na mabaharia wake wote wangekosa kazi. Nahodha alikuwa akikaa gatini hata chai hanywi, nami nilimhurumia sana.

Tulileta matishari mawili, zile mashua bapa za kubebea mizigo, tukayaweka huku na huku ya meli. Nikachomelea winchi za mkono juu yake, na wapiga mbizi wakapitisha nyaya za chuma chini ya meli. Kazi ikawa kuzungusha. Lo! Huyu anazungusha mbio, yule anapumzika, meli ikalala ubavu, ikarudi chini.

"Tukikosa tena, nyaya zitakatika," msimamizi akasema. "Nani ana njia?"

Nikamwambia kwetu tunalima matuta kwa mwethya, kundi la majirani, na jembe halishuki mpaka mwimbishaji aite.

"Imba basi, mama!"

Nikapanda juu ya pipa. "Mama ameita!"

"Twaja!" wakajibu, na winchi zote zikazunguka nusu mzunguko kwa pamoja. Wajaluo, Waluhya, Wakamba, sauti moja. Niliita hadi koo likakauka. Mlingoti ukatokea, kisha paa, kisha sitaha nzima, inamwaga maji na mahindi yaliyovimba. Nikapiga vigelegele! Nahodha alilia mbele ya watu wote, akanikumbatia na matope yangu.

Tuliziba tundu lililoizamisha, tukabadilisha injini, meli ikarudi majini. Nilipoagwa kazini kwa kustaafu niliwaambia sitaki zawadi ya saa ya ukutani, nataka safari kwa meli ile. Nikavushwa ziwa nimeketi juu ya magunia, nikila samaki kwa mikono miwili, nahodha akipiga honi kila tukipishana na chombo.

Sasa niko Kalama, nalima. Juzi nahodha alinipigia simu, nikasikia injini ikinguruma nyuma yake. Mimi nimestaafu. Meli bado iko kazini.