Siku Kendi Alipofunga Safari ya Nkubu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nionapo mwanamke mwenye mimba akipita njiani huku mtoto mwingine amemng'ang'ania leso. Husimama nikamtazama mpaka apotee. Watu hudhani namshangaa. Simshangai, najiona mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu. Mimi ni Mmbeere wa upande wa Siakago, nchi ya mbuzi na mtama, ambako mvua ni mgeni wa heshima. Nikaolewa Mitunguu, kwenye migomba na mabomba ya kunyunyizia mashamba, na Kimeru changu kilikuwa bado kinachechemea. Mume wangu Mwiti alikuwa mwashi, akijenga nyumba za watu Embu mjini, na alirudi Jumamosi akijaliwa kurudi. Nyumbani tulibaki mimi, binti yetu Kendi aliyekuwa anaelekea miaka mitatu, na mama mkwe wangu, ambaye mlango wake ulitazamana na wetu.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Akionja chakula chako akasema "sawa", ujue umesifiwa. Nilimwogopa, nisikufiche. Alinifundisha kukata majani ya ng'ombe na kuchagua mkungu uliokomaa, yote kwa kuonyesha kwa kidole. Lakini tangu tumbo langu lianze kuonekana, kuna neno moja ambalo hakulitaja hata kwa kidole. Mimba. Nikisema nimechoka, ananipokonya panga ananiambia nikakae. Sababu ya kuchoka haisemi. Mtu mzima ana yake, nikajiambia, na mimi pia nikanyamaza.

Mimba ya pili, mwanangu, haikubembelezi. Ya kwanza unalala ukitaka, unakula udongo wako kwa siri, watu wanakupisha njiani. Ya pili inakukuta na mtoto mgongoni na sufuria motoni. Na Kendi, ambaye alikuwa ameanza kuwa msichana wa kujitegemea, anayevaa patipati zake mwenyewe hata kama ni mguu wa kulia kwa wa kushoto, aligeuka. Akataka kubebwa kila mahali. Akaanza tena kukojoa kitandani. Uji wa kikombe akaukataa, akawa ananifungua vifungo vya blauzi akitafuta ziwa alilokwisha kuliacha. Nikimtua chini analia mpaka anakosa pumzi. Nikimbeba, mgongo unaniuma mpaka natoa machozi, na yeye ananipangusa kwa kiganja chake chenye matope.

Majirani walicheka. "Ameona mimba huyo," wakasema. Na wengine, kwa ule utani wetu unaouma bila kuonyesha meno, wakamwambia, "Kendi, kazi yako imekwisha. Mwingine anakuja. Wewe utalala jikoni na paka." Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo na wao walivyotaniwa walipokuwa wadogo. Lakini wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, nami nasema anayempiga mtoto kwa maneno hajui ameumiza wapi.

Basi siku moja Kendi akamuuliza nyanya yake, "Nyanya, mtoto atatoka wapi?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. "Atatoka hospitali. Nkubu. Mama yako ataenda kumchukua."

Kendi akafikiri. "Nani amemwita?"

"Chambua maharagwe," nyanya akasema.

Hilo likapita kama mengi ya watoto yanavyopita.

Siku ninayokusimulia nilikuwa nimetoka kliniki. Jua la Mitunguu ulijue, linapanda kutoka ardhini na kushuka kutoka juu, na wewe uko katikati kama kiazi kwenye majivu. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, mimi na Kendi, tukajilaza kwenye mkeka ndani ya nyumba. Nilimshika mkono ili nikimsikia akijitikisa niamke. Usingizi wa mjamzito ni mzito kuliko kufuli. Nilipofumbua macho, kiganja changu kilikuwa wazi na mlango ulikuwa wazi.

Nilimwita kwa sauti ya kawaida kwanza. Unajua tunavyofanya, tunaita kwa sauti ya kawaida ili tusiipe hofu nafasi. Nikatazama zizini. Nikatazama nyuma ya pipa. Nikaingia kwenye migomba nikiita, na migomba ikarudisha kimya chake. Nikaenda chooni, nikainua kifuniko cha shimo, nikachungulia. Mwanangu, nimezaa watoto wanne, na hakuna uchungu wa kuzaa unaofikia ule wa kuchungulia shimo la choo ukimtafuta mtoto.

Mama mkwe alitoka kwake akaniona usoni. Hakuuliza. Yule mama ambaye sijawahi kumwona akitembea kwa haraka, alikimbia. Alikimbia leso ikimwanguka, moja kwa moja hadi kwenye kidimbwi tulichohifadhia maji ya shamba. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti ukingoni, ameshika mti mrefu wa kuangulia maparachichi, anaupitisha ndani ya maji polepole. Nikasikia anamwomba Mungu kwa Kimeru, na ingawa Kimeru changu kilikuwa kidogo, hayo nilielewa: "Si tena. Si tena."

Majini hamkuwa na kitu.

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani, wengine wamekwisha kushuka mtoni, tuliposikia lori likipiga honi kwenye njia yetu. Lilikuwa lori la Mzee Salim, mfanyabiashara kutoka Meru mjini aliyekuja kununua ndizi kwetu. Mwislamu, kofia nyeupe, mtu wa pole. Akashuka, akazunguka upande wa pili, akamteremsha Kendi.

Alikuwa amevaa patipati moja. Mkononi ameshika ndizi mbivu iliyopondeka.

"Nimemkuta mbali, mama, kule mlimani ambako malori hushuka kwa kasi," Mzee Salim akaniambia. "Nikamuuliza, binti, unakwenda wapi? Akaniambia anakwenda Nkubu hospitali, kuwaambia wasimlete mtoto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Mama anaumwa mgongo. Hawezi kubeba wawili.' Nikamwambia, na hiyo ndizi? Akasema ni ya mtoto, asilie njaa wakimkatalia kuja."

Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, na Kendi akaja akajisukuma mapajani pangu, akijibana kando ya tumbo palipokuwa na nafasi kidogo.

Jirani mmoja akadakia. "Mchapeni huyo, ajue barabara si ya kuchezea. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wengine wakaitikia. Ikakatwa na fimbo kabisa, ikanyooshwa kuelekea kwa mama mkwe, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale.

Mama mkwe aliipokea ile fimbo. Nikamkumbatia Kendi kwa mikono miwili. Kisha nikamwona mama akiivunja kwa goti, akaitupa kwenye kuni.

"Mtoto huyu hajakosa," akasema. "Alitaka kujua neno, nikampa uongo. Ameufuata uongo wangu mpaka barabarani. Kama kuna wa kuchapwa, nipo hapa."

Mwanangu, elewa uzito wa jambo hilo. Mbele ya majirani, mbele ya mgeni, mbele ya mke wa mwanawe aliyetoka mbali. Tumezoea kusema mkubwa ni jalala, lakini ni wakubwa wangapi uliowahi kuwaona wakikubali taka ambazo ni zao wenyewe? Watu waliondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti ndogo. Mzee Salim alikataa hata maji. Alimwekea Kendi mkono kichwani, akapanda lori lake akaenda.

Tulipobaki peke yetu, mama mkwe alikaa nami pale pale vumbini. Alinyoosha miguu mbele kama msichana. Halafu akaongea, na nadhani siku ile aliongea kuliko mwaka mzima.

"Mwiti alikuwa wa umri huu," akasema. "Nami nilikuwa na tumbo kama lako. Nikamwambia, utapata ndugu. Kila siku aliniletea kitu cha ndugu yake. Jiwe. Unyoya wa kuku. Nikazaa, mtoto akaishi kidogo, akaenda. Mwiti akaniuliza, yuko wapi? Sikumjibu. Akauliza tena kesho. Aliuliza mpaka alipochoka, akaacha. Nikaapa sitamwahidi mtoto yeyote ndugu aliye bado tumboni. Nikajua nilikosea kusema."

Nilimwekea mkono begani, jambo ambalo asubuhi nisingethubutu.

"Leo nikiwa pale majini nimeona," akaendelea. "Mwiti hakuumizwa na nilichomwambia. Aliumizwa na siku zile zote alizouliza na mimi nikageuza uso."

Kisha akamgeukia Kendi. Akasema naye kama anavyosema na mtu mzima. "Kendi, nyanya alikudanganya. Mtoto hayuko Nkubu. Yuko hapa, ndani ya mama. Mungu akipenda atatoka, akue. Nisamehe."

Kendi alimtazama, akanitazama. "Hapa?" Akapiga tumbo langu kama anayebisha hodi. Mama mkwe akauchukua mkono wake mdogo akaulaza ubavuni kwangu, akaulaza na wake juu yake. Tukangoja. Na yule wa ndani, kama aliyeitwa jina, akarusha teke.

Kendi aliruka. "Amenipiga!" Halafu akacheka, akaweka sikio. "Anakula nini huko?"

"Anakula anachokula mama."

Basi akachukua ile ndizi iliyopondeka na vumbi lake, akanitia mdomoni, akanisimamia mpaka nikameza.

Jumamosi Mwiti aliporudi, mama yake alimwita nje. Wakaenda hadi pembe ya shamba, kwenye mti wa mukuu, ambako mimi sikujua kuna kaburi dogo. Sikuwafuata. Waliporudi, macho ya mume wangu yalikuwa mekundu, na mama yake akampikia ndizi kwa mkono wake na kumpakulia kama mtoto. Usiku huo Mwiti aliniambia neno moja tu: "Kumbe alikuwa msichana."

Usidhani mambo yalinyooka kama uzi baada ya hapo. Kendi aliendelea kukojoa kitandani, nami niliendelea kuanika godoro. Mtoto alipozaliwa, mvulana mzima mwenye kelele, Kendi aliletwa kumwona, akamkagua uso ule mwekundu akauliza nani amempiga. Baadaye, tulipokuwa nyumbani, alimng'ata kidole cha mguu, si mara moja. Lakini hakuwa tena mtoto anayezunguka na swali tumboni. Alipotaka kujua, aliuliza. Akikasirika, alisema, "Leo simtaki." Na mama mkwe, yule wa maneno machache, alimjibu, "Haya, leo usimtake. Njoo ukae na mimi." Akampakata, wakachambua maharagwe pamoja mpaka hasira ikapoa.

Sasa nikuambie nilichookota siku ile, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, na kuona bila kusimulia ni uchoyo.

Mwanangu, mtoto mdogo anajua kabla hujamwambia. Anaona unavyokaa, unavyoinuka, mikono yako isivyomfikia kama jana. Ukimnyima neno la kweli, atajitengenezea lake, na lake litakuwa la kutisha kuliko hilo unaloficha. Mwambie. Tumia maneno madogo, yanayotosha kiganja chake. Na kama utamwambia la furaha kisha Mungu apange vingine, usimgeuzie uso, kaa naye umjibu, hata kama jibu lako ni machozi. Anaporudi kwenye utoto, akitaka kubebwa na kunyonya, usimwite mjinga. Anapima kama mlango bado uko wazi. Mfungulie kidogo, ataingia atazame, na kesho atatoka mwenyewe kwenda kucheza. Wafunge mdomo wanaomtania kuwa kazi yake imekwisha, wafunge kwa heshima, lakini wafunge. Ukichoka, sema umechoka, kisha mwambie pia kwamba uchovu wako si kosa lake. Na ukimkosea, mwombe radhi. Heshima ya mzazi haipungui kwa hilo. Yangu kwa mama mkwe wangu ilianzia hapo. Kabla ya hapo ilikuwa hofu tu.

Nenda basi, mama wa wawili. Mungu akupe uchungu mfupi na kilio cha nguvu mwishoni mwake. Akupe wa kukupikia uji ukiwa kitandani, na wa kumshika mkubwa unapomnyonyesha mdogo. Watoto wako wagombane kama ndugu na wapatane kama ndugu. Na siku watakapokuzika, uwe mzee sana, nao wafike wote, wamekuja njia moja.