Kambare na Nta ya Ndimu

Mume wangu ni mtu msafi. Nalisema hili mapema asije akalalamika kwamba nimemchafua. Soksi zake hupigwa pasi. Katika Garsen hii yenye vumbi hata ndani ya sukari, ana kitambaa maalumu cha kufutia viatu mlangoni, na mimi siruhusiwi kukigusa. Kwa hiyo mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Wenje na kapu la kambare waliokaushwa kwa moshi, na harufu ikatoka jikoni ikaingia sebuleni ikakaa kwenye kochi kama mgeni rasmi, nilijua kutakuwa na neno.

Neno lenyewe hakulisema. Kwetu mkwe haambiwi kwamba samaki wake wananuka. Mama na mume wangu hata kusemezana ana kwa ana hawasemezani. Mama akitaka chumvi mezani huniambia mimi, "Mwambie mume wako anisogezee chumvi." Chumvi iko mbele yake, na amesikia vizuri, lakini anangoja nimwambie. Namwambia, ananisogezea, nami nampa mama. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na sikuwahi kuiona kasoro mpaka Jumamosi ile.

Badala ya kusema, mume wangu alimpigia simu dada yake aliyeko Mombasa. Wifi yangu hapitwi na kitu cha kisasa. Siku ya tatu basi likatuletea boksi. Ndani mlikuwa na chetezo cha kizungu: kijumba cheupe cha udongo, chenye uwazi mbele wa kuingizia mshumaa na kibakuli juu cha kuyeyushia nta. Palikuwa pia na vishumaa vifupi ndani ya vikopo vya bati, pakiti ya vipande vya nta yenye harufu ya ndimu, kichupa cha mafuta ya mchaichai, na karatasi ya maelekezo yenye herufi ndogo kama sisimizi.

"Ni ya kufukuza mbu," mume wangu aliniambia, kwa sauti ya kumfikia mama jikoni.

Mama alikuja akakitazama kile kijumba, akanitazama mimi, akarudi kuchambua mchicha wake. Hakupita darasa la nne, lakini mbu anawajua.

Nami nisijitie utakatifu. Jumamosi hiyo mkubwa wa kazi wa mume wangu alikuwa anakuja kwetu kwa chakula cha mchana kutoka Hola, na nilifurahi moyoni kwamba nyumba yangu itanuka ndimu. Nilimwonea haya mama yangu mzazi kwa sababu ya samaki walionilea. Haya basi, nimekiri.

Jumamosi saa tano mume wangu alichukua usukani. Nikamwonyesha ile karatasi. "Hujaisoma."

"Nisome nini? Huu si mshumaa tu?"

Huyu ndiye mtu ambaye ofisini kazi yake ni kuwaandikia wenzake barua kwamba hawakufuata utaratibu.

Alikiweka kijumba juu ya meza, kwenye kitambaa cha plastiki chenye maua, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo pazia likipulizwa na upepo linafika na kurudi. Akajaza kibakuli vipande vya nta hadi ukingoni. Akawasha kishumaa. Baada ya dakika kumi nta ilikuwa imeyeyuka lakini kambare bado walikuwa wanaongoza. Akasukuma kishumaa cha pili ndani. Kisha, kwa kuona ndimu ni mvivu, akafungua kile kichupa na kumimina mafuta ya mchaichai juu ya nta ya moto. Simu ikalia. Ni mkubwa wake, ameshafika Minjila. Mume wangu akatoka nje kumwelekeza njia, akatuachia moto ule bila hata kuniambia, "Uangalie."

Mimi na mama tulikuwa jikoni. Mama ndiye aliyeinua pua. "Kuna kitu kinaungua, na si wali."

Nilikimbia sebuleni. Kibakuli kilikuwa kinafuka moshi mzito, na kabla sijakifikia, mwali ukasimama juu ya nta. Mume wangu naye alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele. Akaona moto, akaona jagi la maji mezani, akalidaka.

Mama, sufuria tupu mkononi, alisimama kwenye mlango wa jikoni akapaza sauti: "Mwambie mume wako asimwage maji!"

Nikageuka kwa mume wangu. Naapa, niligeuka kufikisha ujumbe. "Baba watoto, mama anasema usi..."

Maji yalishatoka. Moto uliruka juu kama umetukanwa. Nta ya moto ikamrukia kwenye kifundo cha mkono, na pazia likashika.

"Wewe!" mama alimfokea, neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu nilipoolewa. "Toka hapo!"

Akamsukuma kwa bega, akakifunika kijumba chote kwa ile sufuria, akalivuta pazia chini na kulikanyaga kwa ndara zake mpaka likazima. Mume wangu alinyoosha mkono kuinua sufuria aone kama moto umekufa. Mama alimkazia macho tu. Mkono ukarudi wenyewe.

Alitaka dawa ya meno aipake kwenye mkono. Nilimnyima. Nilimkalisha uani nikammwagia maji ya dumu polepole, kwa muda mrefu mpaka miguu yetu ikawa kwenye tope, na ile nta sikuibandua kwa nguvu. Baadaye kwenye zahanati muuguzi alisema tulifanya vyema, kisha akauliza aliungulia wapi. Mume wangu akasema jikoni.

Mkubwa wake alitukuta hapo uani. Akaingia ndani. Dirisha halina pazia, kitambaa cha meza kimeyeyuka tundu la ukubwa wa sahani, na sufuria imepinduliwa katikati ya meza.

"Hitilafu ya stima," alisema mume wangu.

Mgeni aliitazama sufuria. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Poleni sana," akasema, akatoa leso. "Mniwie radhi, nina mafua. Siku ya tatu leo sisikii harufu ya kitu chochote."

Alipoondoka niliketi nikaisoma ile karatasi ya sisimizi. Kishumaa kimoja tu. Nta isijae kibakuli. Usichanganye nta na mafuta. Kiwekwe mahali pasiposhika moto, mbali na pazia na upepo. Usikiache peke yake. Kikiwaka usimwagie maji. Kisisogezwe kabla hakijapoa. Ungedhani aliyeiandika alikuwa anatuchungulia dirishani.

Mama aliondoka Jumatatu. Wakati namsindikiza hadi stendi aliniambia, bila hasira, "Mwanangu, kama samaki walikuwa wanawakera, ungesema. Ningewaweka nje." Alisema "wanawakera". Hakumtaja mume wangu peke yake.

Kijumba hakikuvunjika. Siku hizi nakiwasha mwenyewe, juu ya kigae, kishumaa kimoja, nta nusu kibakuli, nami nikiwa hapo hapo nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Nikitoka, nakizima. Kusema kweli harufu yake ni nzuri.

Wiki mbili baadaye wifi alipiga simu kuuliza kama zawadi imetufaa. Mume wangu, bendeji mkononi, alijibu, "Safi sana dada, nyumba yote inanukia."

"Basi nitawatumia kingine, kikubwa."

Nilimpokonya simu. Nikamweleza wifi ukweli wote, vishumaa viwili, mchaichai, jagi na pazia.

"Kwani nyinyi mlikiwasha?" akauliza. "Mimi changu kiko kwenye kabati la vyombo. Ni pambo."