Suruali ya Bwana Mulenga

Wale mbwa wa Kijerumani wenye masikio ya kusimama, Wabelgiji wa Élisabethville waliwaita chien-loup. Sisi watu wa cité, mitaa ya watu weusi, tuliwaita mbwa wa polisi, na tuliwaogopa kweli kweli. Ukipita kwa baiskeli kwenye mitaa ya wazungu, ukasikia mnyororo unaburutwa nyuma ya ua, miguu ilikanyaga pedali bila kukuuliza. Wala sisemi hofu ile ilikuwa ya bure. Walikuwako wazungu waliowafundisha mbwa wao kumkamata mtu mweusi, na mbwa aliyefundishwa hivyo atauma tu, hata awe mdogo kama sungura. Lakini Sultan, jamani! Sultan alisingiziwa. Na aliyeligundua jambo hilo hakuwa daktari wa wanyama. Alikuwa Germaine Mwape, mama wa watoto watatu, mshona viraka wa cité Albert.

Germaine alijifunza kushona kwa masista. Mume wake, Adalbert Nkandu, alikuwa mtunza bustani kwa mhandisi mmoja Mbelgiji, na kazi yake nyingine ilikuwa kumtunza huyo Sultan: kumwogesha, kumpikia ugali na mifupa, kumfunga mnyororo asubuhi na kumfungua jioni.

Wateja wa Germaine walikuwa wapishi, watunza bustani, watu wa kupeleka mikate. Mbwa wakiwararua, walimletea yeye suruali, na kila mmoja alikuwa na hadithi ile ile.

"Chien-loup, mama! Mukubwa sawa punda!"

Germaine aliitikia pole, huku vidole vyake vikipapasa kitambaa. Mbwa mkubwa hushika paja au mkono, na akivuta anaondoka na kipande cha nguo kipana kama sahani. Suruali nyingi alizoletewa zilikuwa zimetobolewa chini kabisa, kwenye pindo, matundu madogo kama ya uma wa mezani. Aliyaona hayo miaka mingi akafunga mdomo wake. Mtu aliyepasukiwa na suruali anataka kiraka, hataki maswali.

Basi, siku moja ya mwaka 1953, akaja Mulenga, mtu wa posta. Bwana yule alijipenda, acha tu! Kofia yake haikuwa na vumbi, na kengele ya baiskeli aliipiga hata barabara ikiwa tupu. Aliweka suruali yake ya kaki juu ya cherehani.

"Mbwa ya ingénieur njo alinikamata," akasema. "Ule Sultan. Nilimupiga teke moja ya kichwa, akaanguka kule! Bila vile, leo mungekuwa munanizika."

Mulenga hakujua anaongea na mke wa nani. Naye Germaine alijibu tu, "Pole, Bwana Mulenga. Acha hapa nitashona."

Jua halijazama bado, Adalbert akarudi. Alikaa kwenye kiti, ugali ukawekwa mbele yake, hakunawa mikono.

"Mama Chomba, mambo imeharibika," akasema. Chomba ndiye mtoto wao wa kwanza. "Mutu wa posta amelumwa. Bwana anasema niliacha Sultan bila munyororo. Siku ya kupokea posho, nyuma ya siku tatu, polisi atakuja kumupiga risasi. Na miye Bwana atanifukuza kazi, siku ile ile."

"Ulimufunga?"

"Nilimufunga. Haki ya Mungu, nilimufunga!"

Wakati ule mwanamume aliyepoteza kazi hakupoteza kazi peke yake. Kibali cha kukaa mjini kilikwenda nayo, na nyumba ya cité pia, halafu ni kurudishwa kwenu. Kwao ni Kasenga, na nyumba ya baba wa Adalbert ilikuwa imeanguka tangu mvua ya miaka mitatu iliyopita. Germaine aliwatazama watoto wakila.

Ndipo akaichukua ile suruali, akaikunjua juu ya magoti ya mume wake. Matundu manne, kidole kimoja tu juu ya pindo, mawili mbele na mawili nyuma, yamekaribiana mno.

"Weye unamuosha Sultan, unajua meno yake," akasema. "Haya ni ya kwake?"

Adalbert aliyatazama sana. "Hapana," akasema polepole. "Hii ni Bijou."

Bijou alikuwa mbwa wa Madamu, mke wa mhandisi, kambwa keupe ka manyoya, kenye utepe mwekundu shingoni, kanakolala kwenye mto. Kalikuwa kanapita chini ya lango kila siku, na hakuna aliyekafunga mnyororo. Nani angekaogopa?

Kesho yake Germaine alikwenda kwa Mulenga, suruali mkononi, bila kiraka.

"Mama, haujashona?"

"Sijashona. Nimekuja kuuliza kwanza. Ule mbwa alikuwa na urefu gani?"

Mulenga akaweka mkono kifuani.

"Basi aliinama sana," Germaine akasema, akamwonyesha matundu.

Mulenga akawaka. "Unakuja kuniita mubongo, mutu ya kudanganya, mu nyumba yangu?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukuomba. Ule mwenye anafunga Sultan ni bwana yangu." Akamweleza yote: risasi, kazi, Kasenga.

Mulenga akajifuta uso. "Mama, unajua nimesema nini kule posta? Nimesema nilipigana na chien-loup. Bantu bote banashangaa, banapanga mustari kunipa mukono. Sasa nibaambie ni kale kambwa ka Madamu? Batanicheka mpaka nikufe."

"Batakucheka," Germaine akasema. "Sitakudanganya. Batakucheka."

Kumbe wanaume wote wale, miaka yote ile, walikuwa wamefanya kama yeye. Waliumwa na vijibwa vya kubebwa mapajani, wakaona haya, wakamsingizia mbwa mkubwa, na sisi tukazidi kumkimbia. Mulenga aliikunja suruali, akamwambia aende. Hakuahidi kitu. Siku mbili zilizobaki Germaine hakushona hata kifungo.

Siku ya posho, saa nne asubuhi, alisimama nje ya ua wa mhandisi, mtoto mgongoni. Polisi alikuwa amefika na bunduki. Adalbert alimshika Sultan mnyororo, na mbwa yule, maskini, alikuwa anamlamba mkono. Madamu alisimama barazani, amembeba Bijou.

Mara kengele ya baiskeli ikalia.

Mulenga aliingia amevaa ile suruali yenye matundu. Akavua kofia.

"Bwana," akasema, "si huyu." Akanyoosha kidole barazani. "Ni kale."

Polisi alicheka mpaka akaegemeza bunduki ukutani. Mpishi alitoka jikoni kucheka, na majirani pia. Mhandisi hakucheka. Aliinama, akayatazama yale matundu karibu, akayapima kwa kidole. Kisha akasimama, akamwambia Adalbert amrudishe mbwa mahali pake. Samahani hakusema. Mulenga alibaki katikati ya kicheko kile amenyooka, kofia mkononi, jasho linamtiririka, na Germaine nje ya ua akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Asante, asante, asante, ndilo neno pekee lililomtoka.

Sultan alikufa kwa uzee. Maisha yake yote aliuma mtu mmoja tu, daktari wa wanyama, aliyemchoma sindano. Adalbert hakufukuzwa kazini, na watoto walikulia cité Albert, wakasoma.

Lakini Mulenga! Kabla ya wiki kwisha, mji mzima ulimwita Bijou. Posta Bijou, sokoni Bijou, hata baada ya misa, Bijou. Aliitikia bila kukasirika, miaka na miaka, mpaka wageni wakadhani ndilo jina la ubatizo.

Siku moja kitinda mimba wa Germaine aliingia mbio chakula kikiwa mezani. "Mama, Papa Bijou ameleta barua!"

Germaine akaondoa sahani ya mtoto. "Rudia. Nani?"

"Papa Bi..."

"Inje mwote batamuita vile banapenda," akasema. "Lakini hii nyumba umeketi ndani, hiki kiti, hii ugali, ni yeye. Kwetu anaitwa Bwana Mulenga. Kimbia umufikie, umusalimie muzuri, halafu urudi kula."

Mtoto akakimbia.