Kichupa cha Baba Anjela

Nilikuwa dresa Masasi, msaidizi wa daktari Mzungu aliyekuwa akichunguza jinsi watoto wanavyorithi damu ya wazazi wao. Kazi yangu ilikuwa kuwachoma watu vidole kule Newala na kuteremsha vichupa vya damu kwa baiskeli. Nilijiona mtaalamu, hata kutembea nilibadilisha.

Siku moja breki zilinikatalia mteremkoni, nikaanguka. Kilivunjika kichupa kimoja tu, cha Baba Anjela. Kupanda tena nikaona uvivu. Damu zote si nyekundu? Nikajichoma kidole, nikajaza kichupa kingine, nikaandika jina lake.

Wiki iliyofuata daktari alinipandisha Newala kwa gari. Tulimkuta Mama Anjela akimenya mihogo ya kutupikia sisi wageni, mumewe na binti yao kando yake.

"Damu inakataa kwamba binti huyu ni wa baba huyu," daktari aliniambia taratibu kwa Kiingereza. "Muulize mama, kwa upole, baba wa binti ni nani."

Mama Anjela aliinua uso, akatabasamu, akingoja nitafsiri.

"Shikamoo, baba," nikamwambia mumewe, ingawa nilikwisha kumwamkia. "Kichupa chako kilivunjika. Nilitia damu yangu." Kisha nikarudia kwa Kiingereza, nikitazama maganda ya mihogo.

Daktari akavua miwani. Baba Anjela akampa kidole chake achome.

"Marahaba. Achukue tena," akasema. "Ila safari hii abebe mwenyewe."