Siku Tulipoyakuta Matanga Yetu

Mama yangu alikuwa Mhehe aliyeolewa Mbeya, na kwa miaka saba hakuwa amerudi kwao. Baba, fundi seremala, alimwahidi kila baada ya mavuno kwamba safari hii atakwenda, na kila mara kilizuka kitu: mama yake baba akaugua, kanisa likataka milango kabla ya Pasaka, mwaka mwingine baba mwenyewe akajikata mguu kwa tezo. Mwaka nilioingia darasa la tatu, katikati ya miaka ya hamsini, mama hakungoja tena kuahidiwa. Alisema bibi, mama yake mzazi, amezeeka na mimi simkumbuki hata sura, akafunga mzigo. Baba hakubisha. Alikwenda mwenyewe kututafutia lori.

Lilikuwa lori la duka moja la Wahindi, likipeleka Iringa chumvi iliyotoka upande wa Ziwa Rukwa. Mzigo wetu ulisukumwa chini, nyuma ya kabini, magunia yakapangwa juu yake, na juu ya magunia tukakaa mama na mimi, tumejifunika blanketi moja jekundu. Mbele alikuwa dereva peke yake. Baba alitembea kando ya lori mpaka lilipokaza mwendo, kisha akasimama. Nilimwangalia hadi kona ilipomficha.

Kabla ya kufika Chimala nilianza kutetemeka. Tulikuwa tumeshuka tambarare ya Usangu, joto la kuunguza, na mimi meno yakigongana. Tulipofika Igawa nilikuwa nimetapika mara tatu na simjui mama ni yupi. Mama aligonga paa la kabini, akamwambia dereva kwamba mtoto huyu hawezi kuendelea. Dereva alishuka, akanitazama, akakubali. Ila mzigo, alisema, hawezi kuutoa bila kushusha nusu ya magunia, na mvua ilikuwa inakuja. Wakapatana auache dukani Iringa, sisi tuufuate nikipata nafuu.

Kando ya daraja alikuwa amekaa mwanamke mmoja mrefu, na binti wa kimo changu. Hawakuwa na mzigo wowote, hata kibuyu cha maji. Mwanamke aliinuka akamwuliza dereva kama kuna nafasi, sasa kwa kuwa sisi tunashuka. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, dereva akamtaka arudie.  Yule binti alinitazama jinsi nilivyolazwa chini, akanitazama tena alipokwisha kupanda, na homa yangu ilinifanya nione kwamba ni mimi niliye kule juu, ninajitazama niliye chini. Nililia nikimwambia mama aniteremshe. Mama aliniambia nimekwisha teremka.

Kisha mama akavua sweta yangu, maana nilikuwa nimeloa jasho, akairusha juu pamoja na lile blanketi.

"Huko mbele kuna baridi," alimwambia yule mwanamke. "Mfunike mtoto. Utaviacha dukani pamoja na mzigo wetu."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa. Lori likaondoka.

Tulipokewa na mama mmoja wa Kisangu aliyeuza uji karibu na daraja. Alinilaza ndani, akanipa dawa chungu kutoka zahanati. Siku hiyo mvua ilinyesha, na siku ya pili, na ya tatu. Barabara ikakatika huko mbele, na halikupita gari lolote kutoka upande wa Iringa. Kwa hiyo hatukusikia kitu. Siku ya nne homa iliniachia. Siku ya tano lilipita lori la kwanza, na dereva wake, mzee mpole, akatuchukua.

Nilikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Tulipanda kutoka tambarare, tukapita Makambako, tukalala hapo kwa sababu ya matope, na asubuhi tukaendelea ndani ya ukungu. Mbele kidogo ya Ifunda kuna mteremko wenye kona. Dereva alipunguza mwendo bila kusema kwa nini. Chini, bondeni, ukungu ulikuwa umepasuka, na nikaona ng'ombe wengi, labda arobaini, wamesimama pamoja wameinamisha vichwa. Hawakuwa wanakula majani. Hakukuwa na mchungaji. Nilipoangalia vizuri niliona nyasi zimekuwa nyeupe, na ng'ombe wanazilamba, polepole, bila kusukumana. Katikati yao magurudumu ya lori yalikuwa yametazama juu.

Mama alimwomba mzee asimame. Hakushuka; alisimama tu juu ya gari ameshika ubao.

"Waliokuwamo?" aliuliza.

Mzee alijibu kwamba alivyosikia walikuwa watatu, dereva na mwanamke na mtoto, na hakupona hata mmoja. Wamekwisha zikwa.

Mama aliketi. Alinivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia, na hakuniachia hadi tulipofika njia panda ya kwao. Nilidhani anaogopa kwa sababu tungekufa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anajaribu kuukumbuka uso wa yule mwanamke, na haukuja.

Kutoka barabarani mpaka kwa bibi ni mwendo wa saa moja. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tulikutana kwanza na mwanamke aliyebeba mtungi wa maji. Mama alimtambua, walikuwa wamecheza pamoja, akamsalimu kwa Kihehe. Yule mwanamke alisimama. Aliuteremsha mtungi kichwani kwa mikono miwili, akauweka chini taratibu kana kwamba ana muda wote wa dunia, kisha akageuka na kuingia katika mahindi. Hakukimbia. Tulisikia majani yakisogea mbali, halafu hatukusikia tena.

"Hakunijua," alisema mama, lakini aliharakisha.

Wa pili alikuwa mzee na fimbo yake. Alipotuona alitoka njiani, akatupa mgongo, akaziba masikio mpaka tulipopita. 

Nyumba ya bibi ilikuwa tembe ya zamani, ndefu na ya chini, paa lake la udongo. Uani moto wa magogo ulikuwa unawaka mchana, na wanaume wamekaa kuuzunguka. Wanawake walikuwa upande wa pili, vichwa vyao vimenyolewa, vinang'aa kwa umande. Mmoja alikuwa anaimba kilio kwa sauti ya chini, ile sauti ya siku za mwisho za msiba wakati watu wamechoka. Mama aliangusha mikono yake. Alidhani mama yake amekufa.

Lakini bibi alikuwepo, katikati ya wanawake wale, naye amenyolewa. Ndiye aliyetuona kwanza. Aliinua mkono, na kilio kikakatika. Nakumbuka kilichofuata kuliko kitu chochote cha utoto wangu: watu labda sitini, na hakuna aliyepiga kelele. Walisogea nyuma tu, wote, taratibu, mpaka uwanja ukawa mtupu, tukabaki mama na mimi kando ya ule moto.

Mjomba, kaka yake mama, alipiga magoti. Aliyefungua mdomo ni bibi.

"Umefuata nini?" alimwuliza mama.

"Nimekuja kukusalimu, mama."

"Tulikuzika juzi. Kwa nini unamleta mtoto?"

Mama alianza kulia akieleza habari za homa, na Igawa, na blanketi, lakini maneno yalichanganyika, na watu waliendelea kurudi nyuma. Bibi alimnyamazisha. Aliagiza ugali na chumvi, chumvi tupu, bila mboga. Akaja mwenyewe kuviweka chini, hatua tano kutoka tuliposimama, akarudi mahali pake.

"Mfu hali chumvi," alisema. "Kuleni."

Tulikula mbele ya watu wote. Koo langu lilikuwa kavu kwa homa, na tonge la pili lilinikwama. Nilikohoa, nikahisi kila mtu amebana pumzi, na mimi mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, niliingiwa na wasiwasi kwamba labda ni kweli, labda nimekufa Igawa na hakuna aliyeniambia. Nikalazimisha. Likashuka. Bibi akasogea, akaweka kiganja kifuani pangu, akakiacha pale muda mrefu. Halafu akanishika kwa mikono miwili, akaanza kulia kilio ambacho siku zote za matanga, walisema, hakuwa amekilia.

Habari tuliipata kwa vipande. Mjomba aliitwa na wasimamizi wa barabara, kwa sababu ndani ya mzigo ilikutwa barua aliyomwandikia mama kupitia misheni. Alionyeshwa mwanamke na mtoto chini ya turubai. Nyuso, alisema, hazikuwa za kutazamwa. Lakini blanketi jekundu alikuwa amelinunua yeye mwenyewe siku mama alipoolewa. Hakuuliza zaidi. Aliwachukua nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, akampelekea baba telegramu.

Jioni ile mama alitaka kuonyeshwa kaburi. Lilikuwa moja, wamelazwa pamoja. Nilikuwa nimejifunza kusoma mwaka uliotangulia, nami nilipenda kusoma kila kilichoandikwa popote, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kabla ya yeyote kunizuia: jina la mama, na chini yake jina langu, yamechomwa kwa chuma cha moto kwenye msalaba wa mbao. Mama aliazima kisu cha mjomba. Alikwangua, herufi moja moja, mpaka giza lilipoingia, na mjomba alipotaka kumsaidia alikataa.

Baba alifika kesho yake mchana. Nilikuwa nimekaa njiani, mbele ya nyumba, ninachambua maharage na binti za mjomba. Nilimwona akija, matope mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi. Niliinuka nikamwita. Alinitazama usoni, karibu kama ninavyoitazama karatasi hii, akapita. Nilimfuata nikimwita. Hakugeuka. Nilishika koti lake. Akaliondoa kwenye vidole vyangu kwa upole, kama mtu anayejinasua kwenye miiba, akaendelea kutembea mpaka uani, na hapo akamkuta mama ametoka mlangoni akiwa na ungo wa unga.

Walisimama. Ungo ulianguka. Baba alimgusa mama bega, akageuka akanigusa na mimi, kisha akakaa chini pale pale kwenye unga.

Miaka mingi ilipita kabla sijathubutu kumwuliza kwa nini alinipita. Alikuwa anapiga randa ubao, na hakuacha.

"Nilikuwa nimekuona tangu Chimala," alisema. "Kila kona ulikuwa umesimama kando ya barabara, unaniita. Mara ya kwanza nilimsimamisha dereva, nikashuka. Baada ya hapo nilijifunza kutoitika."

Tulikaa kwa bibi mwezi mzima. Alinipenda kuliko wajukuu wengine, lakini kila nilipolala mchana niliamka nikamkuta amekaa kando yangu, kiganja kifuani pangu, anahesabu kimya kimya. Na watu wa kijiji walikuwa wema, ila hawakutupatia vitu mkononi. Waliviweka chini tukaviokota. Yule mwanamke wa mtungi hakuja kutusalimu kamwe.

Tuliporudi, mama alishuka Igawa, akamweleza yule mama wa uji yote, akamwelekeza nyumba yetu Mbeya. Akamwomba, kama mtu atapita akiuliza habari za mwanamke mrefu na binti, amtume kwetu.

Mtu wa kuuliza alikuja baada ya miaka miwili. Alikuwa mtu mwembamba, mikono yenye makovu, amefanya kazi katika machimbo ya dhahabu Makongolosi. Alikataa kiti. Alisema aligombana na mkewe, akaenda machimboni bila kuaga, akakaa huko kuliko alivyokusudia. Aliporudi alikuta nyumba imefungwa. Majirani walimwambia mkewe alitoka mikono mitupu kwenda kwa dada yake Dodoma. Alikwenda Dodoma. Dada hakuwa amemwona. Akaanza kuuliza barabarani, kituo kwa kituo, kwa kurudi nyuma.

Mama alimweleza bila kuficha kitu, hata blanketi, hata majina yaliyokuwa msalabani. Mtu yule alisikiliza akitazama sakafu. Mama alipomaliza, yule mtu aliinua macho akanitazama mimi.

"Alikuwa mkubwa kama huyu?" aliuliza. "Nilimwacha mdogo."

Aliweka mkono juu ya kichwa changu. Mama aliuchukua ule mkono, akaushusha taratibu mpaka begani pangu, akauacha hapo.

"Hivi," alisema mama.

Alilala kwetu usiku mmoja, na asubuhi baba akampandisha basi la Iringa. Mjomba alituandikia baadaye kwamba alifika, akakaa siku mbili, akapalilia kaburi, na kabla ya kuondoka akauliza kitu kimoja tu: kama siku ile ya mazishi kulikuwa na watu wa kulia. Mjomba alimjibu kwamba kijiji kizima kilinyoa, na kwamba mkewe na bintiye walililiwa kama watoto wa nyumba ile.